Barua kwa Mshamu kuhusu umeme wa hewani

Makambako

Mshamu ndugu yangu,

Habari za Ruangwa? Huku hatujambo, ni baridi tu inayotusumbua. Mpe mama shikamoo yangu, umwambie korosho zilifika salama na watoto wamezimaliza.

Umeniuliza kuhusu ile video inayozunguka kwenye magrupu, kwamba kuna utando mwembamba unaovuta umeme hewani na simu inajichaji mfukoni. Unasema wateja wanakusumbua hapo kwenye kibanda chako cha ufundi, wengine wanataka uwafungie. Jambo hili nimelifuatilia muda mrefu kwa sababu ya kazi yangu, kwa hiyo nitakujibu kirefu kidogo. Utando upo kweli, na umeme upo kweli. Ya simu waambie hapana.

Kazi inayofanana zaidi na hiyo video ilifanywa Marekani, kule chuo kikuu cha MIT, na kundi la mtafiti Tomás Palacios, matokeo yakatoka kwenye jarida la Nature mwaka 2019. Unajua mwenyewe kwamba mawimbi ya Wi-Fi yakipiga antena huamsha umeme wa kwenda na kurudi, na ili uutumie lazima uupitishe kwenye diodi, kile kifaa kinachouruhusu upite upande mmoja tu. Diodi za kasi hiyo kwa kawaida ni ngumu, hazikunjiki, na ni gharama kubwa kuzitandaza kwenye eneo pana. Wao walitengeneza ya kwao kwa molibdeni disalfaidi yenye unene wa atomu tatu tu: salfa juu, molibdeni katikati, salfa chini. Walipoiweka kwenye nguvu ya kawaida ya Wi-Fi, kama mikrowati 150 (mikrowati ni sehemu moja ya milioni ya wati), ikawapa karibu mikrowati 40.

Sasa piga hesabu. Chaja ndogo hapo kibandani kwako inatoa wati 5, yaani mara 125,000 ya hizo mikrowati 40. Betri ya 4,000 mAh ungeichaji kwa zaidi ya miaka 40, na hapo hakuna kilichopotea njiani. Mtu akikuletea kava la simu linalojichaji kwa Wi-Fi ili uliuze, mrudishie.

Lakini mikrowati 40 usizidharau. Hujaona ghala la mahindi lilivyo likishajaa: magunia hadi karibu na bati, njia ya kupita mtu mmoja, vumbi, giza. Katikati ya hayo magunia tunachomeka vihisi vya kupima unyevu na joto, kwa sababu mahindi yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 hayahifadhiki, ukungu unaingia, na nyuma yake sumukuvu. Unakumbuka mwaka 2016, Dodoma na Manyara watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mimi sikuwasahau.

Tatizo letu kubwa ni betri. Ikiisha, lazima vijana washushe magunia safu kwa safu kukifikia kihisi. Ukifungua kiboksi unakuta vichwa vya betri vimeota ukoga wa kijani na unga wa mahindi umeganda kwenye waya. Wenye ghala wengi wanaona usumbufu, wanakiacha hivyo hivyo, basi kihisi kinanyamaza wakati ule ule mahindi yanapoanza kupata joto. Sola humo ndani haina kazi. Kwenye jua sikatai, sola ni bora kuliko vyote nitakavyokutajia hapa. Ila kihisi cha ghala kinalala karibu muda wote: kinaamka, kinapima, kinatuma ujumbe mfupi, kinalala tena. Mikrowati chache zikijikusanya polepole kwenye kapasita, kile kifaa cha kutunza umeme kidogo, kinaishi.

Ndiyo maana kila nikisikia habari za hizi tando nasimamisha shughuli nisome.

Kuna nyingine zinazotoa umeme ukizikunja. Mwaka 2014 watafiti wa vyuo vya Columbia na Georgia Tech, Marekani, waliichukua molibdeni disalfaidi ile ile, wakaibandika kwenye plastiki na kuivuta kwa asilimia 0.53 tu. Ikatoa milivolti 15 na mkondo wa pikoampia 20, kidogo kupita kiasi. Kilichonishangaza mimi ni hiki: tabaka likiwa moja linatoa umeme, yakiwa mawili hayatoi kitu, yakiwa matatu umeme unarudi. Tabaka la pili limelala kwa kuelekea upande wa pili, kwa hiyo yanafutana. Wembamba ndio unaoleta umeme wenyewe.

Kule chuo cha RMIT, Melbourne, Australia, walifanya jambo utakalolielewa haraka kuliko maprofesa wengi. Ile risasi ya kuchomelea ikiyeyuka, unaona ngozi inayotanda juu yake, unaipangusa ndipo uendelee na kazi. Wao waliyeyusha bati tupu (metali yenyewe, si mabati ya kuezekea) mahali pasipo na oksijeni ila pana gesi yenye salfa, ngozi ikatanda ya salfidi ya bati, wakaigusisha kwenye kibao nayo ikanata. Matokeo yalitoka mwaka 2020: milivolti 150 kwa kuvutwa asilimia 0.7. Ngozi kama hiyo unaipangusa kila siku, Mshamu!

Magunia hayatikisiki, kwa hiyo za kukunjwa naziona zaidi kwenye mashine za kusaga na mabomba ya pampu, vitu vinavyotetemeka kutwa. Ghalani natazamia zaidi mawimbi ya redio, au unyevu wenyewe. Kwa unyevu, mwaka 2020 chuo cha Massachusetts pale Amherst walionyesha utando wa nyuzi ndogo sana za protini kutoka kwa bakteria, unene wa mikromita 7, ukitoa karibu nusu volti mfululizo kwa kunyonya mvuke wa hewani. Hewa iliyo kati ya magunia ina mvuke hata mahindi yakiwa makavu.

Na elimu yote hii ya tando ilishika kasi kutokana na madini ya kinywe (grafiti), hayo hayo yaliyolala chini ya ardhi yenu. Mwaka 2004 pale Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walibandua kinywe kwa selotepu hadi likabaki tabaka la atomu moja, ndiyo grafini, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Wasimulie vijana unaowafundisha kazi hapo kibandani.

Halafu fanya nao hili. Tafuta saa mbovu ya kengele, au toyi yoyote inayolia, utoe ile sahani nyembamba ya shaba yenye duara jeupe; nayo hutoa umeme ikipindwa, kama zile tando za kukunjwa. Unga nyaya zake mbili kwenye taa ndogo ya LED, zima taa za kibanda, uigonge sahani kwa mpini wa bisibisi. LED itamemeta kila ukigonga. Ikikataa, geuza nyaya. Ukimaliza nipigie kwa video nione nyuso zao, tena usiniambie mtandao mbaya.

Wako,
Yohana