Nimelipia ethi, mbona friji bado linapiga shoti?

Hili swali tunaulizwa kila mara na safari hii limekuja na hasira, mteja wa Kigamboni katuandikia kwamba ethi tuliyomuuzia, yaani ile rodi ya ardhini inayofungwa kwa waya na mabati ya vifaa vya umeme, ni feki na anataka hela yake irudi. Sisi tulimuuzia rodi tu dukani, kazi ya kuichimbia akampa kijana wa mtaani maana bei yetu aliiona ni ya kumlangua, "kugongelea chuma ardhini ndo hela yote hiyo?" Tulipoenda tukakuta rodi imekatwa katikati, nusu iko kwenye mchanga mkavu, waya umeviringishwa kwa koleo bila klampu na umeshaanza kuota kutu ya kijani. Rodi ilikuwa nzima kabisa. Kazi ndo haikuwepo.

Wengi wanaamini ardhi inameza umeme, ukishaingia chini umeisha. Haimezi. Umeme ni elektroni zinazosogea ndani ya waya, zenyewe zinaenda taratibu mno, kwenye nyaya za nyumbani hata milimita moja kwa sekunde kwa kawaida hazifikishi, tena kwa umeme wetu huu zinacheza tu mbele na nyuma mara 50 kwa sekunde, ila msukumo ndo unaofika papo hapo na taa inawaka. Waliosoma fizikia watasema mkondo unachorwa kutoka chanya kwenda hasi wakati elektroni zinaenda kinyume, ni kweli, mshale ulishachorwa tangu enzi za Benjamin Franklin karne ya 18 na elektroni ikaja kugunduliwa 1897, basi ukaachwa hivyohivyo. Kwa fundi kinachohusu ni kimoja, kinachotoka lazima kirudi kilikotoka. Unatoka transfoma kwa fezi, waya wenye moto, unarudi kwa nyutro, waya wa kurudia, na pale kwenye transfoma nyutro imefungwa ardhini, kwa hiyo udongo nao unakuwa njia ya pili ya kurudi. Angalia gari, ethi ya gari haigusi udongo wowote, hasi ya betri imefungwa kwenye bodi, matairi ni mpira na taa zinawaka vizuri tu, kwa sababu bodi ndo njia ya kurudia.

Sasa fezi ikigusa bati la friji kwa ndani na hakuna ethi, friji linakaa na volti 230 likisubiri njia. Njia ni wewe, umesimama peku kwenye sakafu yenye maji. Hata testa yako inawaka kwa mtindo huohuo, umeme kidogo sana unapita kwenye kile kitaa, unapita mwilini mwako mpaka chini, ila humo ndani kuna kizuizi kikubwa ndo maana husikii kitu. Friji halina kizuizi hicho.

Tukirudi kwa yule wa Kigamboni. Nusu rodi kwenye mchanga mkavu tulipima ikasoma zaidi ya omu 100, omu ni kipimo cha ukinzani, zikiwa chache ndo ethi nzuri. Gawanya mwenyewe, 230 kwa 100 ni ampea 2 na kidogo, na breka yake ya soketi ni ya 20, haiwezi kukata kwa ampea 2, kwa hiyo friji linabaki na karibu volti zote na waya wa ethi upo, umefungwa, unaonekana kwa macho. Nondo ya ujenzi iliyogongelewa nyuma ya choo ni hadithi hiyohiyo. Bomba la maji nalo siku hizi ni plastiki, ukifunga ethi pale umefunga kwenye hewa. Kuna wanaomwaga chumvi na mkaa shimoni, kipimo kinashuka kweli, mvua zikipita chumvi imeondoka na klampu imeliwa.

Ndo maana tunachaji tunavyochaji. Tunakuja na mashine ya kupimia ethi, tunachomeka vijiti vyake mbali, tunasoma, ikigoma tunashuka chini zaidi kwenye unyevu au tunaongeza rodi ya pili umbali wa kutosha na ile ya kwanza, tunapima tena. Kwenye udongo mfinyanzi kazi inaisha asubuhi, kwenye mchanga wa pwani inaweza kula siku nzima. Hatuwezi kutoza sawa na mtu mwenye nyundo tu, na hatutaomba radhi kwa hilo.

Njia ya mkato mbaya kuliko zote ni hii ya kuunganisha ethi na nyutro ndani ya soketi. Ukipima, mita inakuonyesha ethi ipo, mteja anafurahi, fundi anaondoka. Mama mmoja mwenye saluni Mbagala alifanyiwa hivyo soketi zote. Siku kiungo cha nyutro kwenye nguzo kikaachia, umeme ukapita kwenye taa zilizowashwa, ukafika kwenye nyutro ukakuta njia imekatwa, basi nyutro yote ya ndani ikawa ya moto na kupitia zile soketi ikaingia kwenye kila bati, madraya, friji la soda, hita ya maji. Msichana wake wa kazi alirushwa, tunashukuru Mungu hakuangukia mahali pabaya. Kutoboa kila soketi na kuvuta waya upya kulimgharimu mara nyingi ya ile bei aliyoikimbia mwanzo, na hii inatuuma kwa sababu tulimwambia.

Na ethi hata iwe nzuri peke yake haitoshi. Omu 20 ni kipimo kizuri kwa mchanga, lakini hapo zinapita ampea 11 hivi, breka ya 20 bado haikati. Lazima kuwe na RCCB, breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30 kwenye mein swichi, ile yenye kitufe cha kutesti. Yenyewe inahesabu kama matroni wa basi la shule, waliotoka na fezi ndo haohao warudi na nyutro, wakipungua kidogo inazima yote. Halafu mteja anapiga simu, "mmeniwekea breka mbovu, inakata kila nikiwasha hita, njooni muitoe." Hatuitoi. Hita ndo mbovu, elementi imepasuka na umeme unavujia majini, maji ambayo wanao wanaogea. Mjumbe hana kosa.

Kuna na wale wa kompyuta. Mwenye steshenari analeta sipiyu mpya anasema ameuziwa mbovu, ukigusa inachachatika. Powasapulai nyingi zina kichujio kinachounganisha fezi na nyutro kwenye bati kwa kapasita ndogo, pasipo ethi bati linaelea karibu volti 115. Kompyuta ni nzima, ni chumba chake hakina ethi, na usiing'oe ile pini ndefu ya plagi kwa kuwa ekstensheni yako ina matundu mawili.

Testa ikiwaka kwenye bati la kitu chochote, zima mein swichi kwanza ndo upige simu. Tukija kupima tu tunatoza hela ya kupima, tunaandika kipimo na tarehe ndani ya mfuniko wa mein swichi uone mwenyewe, na ukitupa kazi hela hiyo tunaikata kwenye bei.