Risala ya Wauguzi wa Wodi ya Mifupa na Chumba cha Upasuaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wauguzi Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa, Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu, viongozi wa dini na serikali, wauguzi wenzetu, mabibi na mabwana.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukawa nasi leo, tarehe 12 Mei. Kwa ridhaa ya uongozi, safari hii hatutasoma mafanikio na changamoto za kila idara. Tutazungumzia mgonjwa mmoja tu, yule ambaye goti lake bandia limeingiwa na maambukizi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, upasuaji wa kuweka goti bandia, ambao Watanzania wengi waliufuata India, sasa unafanyika hapa nchini, ikiwemo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Katika nchi zenye kumbukumbu za miaka mingi, goti moja au mawili kati ya kila 100 hupata maambukizi. Idadi hiyo ni ndogo kwenye karatasi, lakini wodini mgonjwa mmoja wa aina hiyo hukaa muda mrefu kuliko wengi waliolazwa naye. Bakteria, mara nyingi wale wa jamii ya stafilokokasi wanaoishi kwenye ngozi zetu wenyewe, hujishikiza kwenye chuma na plastiki na kujijengea utando ambao dawa haiupenyi vizuri. Ndiyo maana vidonge peke yake, hata vikimezwa mwaka mzima, kwa kawaida huishia kutuliza tu bila kuponya.

Mgonjwa akiwahi, yaani ndani ya wiki chache tangu upasuaji au tangu dalili zianze, na goti likiwa bado limeshika imara kwenye mfupa, daktari hulifungua, huondoa nyama zote zilizooza, huliosha kwa lita nyingi za maji ya chumvi na kubadilisha kipande cha plastiki, huku sehemu za chuma zikibaki. Akichelewa, goti zima hutolewa. Madaktari wa Hamburg, Ujerumani, wakiongozwa na Buchholz, walianza katika miaka ya 1970 kutoa goti bovu na kuweka jipya katika upasuaji uleule, wakitumia saruji ya mifupa, yaani gundi inayoshikiza goti bandia kwenye mfupa, iliyochanganywa na antibiotiki. Mwaka 1983 daktari Insall na wenzake wa New York walieleza njia ya hatua mbili: goti hutolewa, mgonjwa hupewa dawa kwa takriban wiki 6, kisha huwekewa jipya. Siku hizi, kati ya hatua hizo, pengo hujazwa kipande cha saruji chenye dawa kama vankomaisini au gentamaisini, ambayo hutoka polepole palepale penye ugonjwa.

Kipindi hicho cha katikati ndicho tunachokijua sisi kuliko mtu yeyote. Mgonjwa hutembelea magongo, mshahara umesimama, ndugu wameanza kuchoka, na wapo wasiorudi kwa hatua ya pili. Wengine huishia na goti lililogandishwa lisikunjike, na wachache hukatwa mguu juu ya goti. Kwa hiyo tunaomba gharama za hatua zote mbili zipangwe na mgonjwa na familia yake kabla goti la kwanza halijatolewa, si baada.

Lipo jambo la kutia moyo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, wenye washiriki zaidi ya 1,000 wa maambukizi ya mifupa na viungo, ulionyesha kuwa dawa za kumeza katika wiki 6 za kwanza hazikuwa duni kuliko za mshipani. Kwa mgonjwa wa kijijini hiyo ni nafuu kubwa, ila sharti dawa ichaguliwe kwa kumjua bakteria mwenyewe, na hapo ndipo tunapokwama. Wengi hutufikia wakiwa wamekwisha kumeza aina mbili tatu za antibiotiki kutoka duka la dawa au zahanati. Tukinyonya maji ya goti, maabara haioteshi kitu, na daktari hulazimika kutibu kwa kubahatisha.

Mheshimiwa, tunaomba chupa za kuotesha vimelea zisikosekane, na sampuli zisizopungua 5 zinazochukuliwa wakati wa upasuaji zipokelewe maabara hata usiku. Tunaomba pia zahanati na vituo vyote vya afya vya mkoa viandikiwe kwamba goti bandia lililovimba, lenye joto au linalotoa usaha, lipewe rufaa kwanza, na antibiotiki isubiri sampuli, isipokuwa pale mgonjwa anapokuwa na dalili za maambukizi kusambaa mwilini. Rasimu ya waraka huo tumeiambatanisha na risala hii, na imebakiza saini yako.

Tunaomba kuwasilisha.