Hiyo "tofauti kubwa" ni kubwa kiasi gani?

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu kwamba watu wa mlimani wanajua kuweka akiba kuliko wa tambarare, eti takwimu zimethibitisha, nimeisoma mara tatu. Nimefundisha hisabati mpaka nikastaafu na sijawahi kuwaandikia, lakini kwa hili hapana.

Mwandishi wenu anasema "tofauti kubwa kitakwimu". Shilingi elfu hamsini au shilingi mia mbili? Kimya. Maneno hayo hutoka kwenye jaribio la nadharia tete, yaani hesabu ya kupima dhana, nalo halipimi ukubwa. Linauliza: kama makundi haya hayatofautiani kabisa, bahati tupu ingeleta pengo kama hili au zaidi mara ngapi? Ikiwa ni chini ya mara 5 katika 100, ile dhana ya kutotofautiana inakataliwa, basi. Ukihoji umati, hata pengo la bei ya kashata linapita.

Na waliohojiwa nawajua, maana nami nimo! Kijana mwenye kishikwambi alitukuta kwenye benchi la muuza kahawa, Mbuyuni. "Shikamoo babu, wewe wa mlimani au wa tambarare?" Nikamjibu nimezaliwa Kibosho, kule mlimani, naishi Pasua, huku tambarare, tangu 1988. Akawaza kidogo, akabonyeza mlimani. Akamhoji shemeji yangu, kisha mama watoto aliyenifuata na kapu lake la ndizi. Tunakula chungu kimoja, na akiba yetu yote iko kwenye kikoba cha mama. Yeye akitaja kiasi, sisi tunaitikia. Tumeandikwa watu watatu wa mlimani wenye akiba! Hesabu zile zinataka kila jibu lisimame peke yake, na watu wachaguliwe kwa kura, si kwa kuwa saa nne asubuhi wamekaa wanakunywa kahawa. Wakati huo wenye kazi wako kazini. Benchini tupo wastaafu na madalali.

Soda aliyotuahidi hatujaiona. Ndiyo kawaida yao: wanachukua jina, simu, mpaka idadi ya kuku, na majibu tunayakuta gazetini.

Mwaka 1935 mtakwimu Mwingereza Ronald Fisher alieleza jaribio la vikombe 8 vya chai: vinne maziwa yametangulia, vinne chai imetangulia, mwonjaji avitenganishe. Kuvipatia vyote kwa kubahatisha ni nafasi 1 kati ya 70. Mlete mwandishi wenu Jumamosi. Nitamwekea vinne vya maziwa ya ng'ombe wa Kibosho, vinne vya ng'ombe wa tambarare. Akivipatia vyote, sitaandika tena. Sukari aje nayo.

Mwalimu mstaafu,
Pasua, Moshi