Mnaosema Fadlu muoga, hebu zihesabuni zile sare tatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana huku mtaani hatusikilizani tena. Tangu tarehe 25 Juni 2025 sisi Simba tulipolala 2-0 kwa Yanga pale kwa Mkapa na kombe la ligi likaenda kwao Jangwani mara ya nne mfululizo, kila kijiwe cha kahawa hapa Tandika kina mtetezi mmoja wa kocha wetu Fadlu na waendesha mashtaka kumi. Shitaka lenyewe ni moja tu, kocha muoga. Anapanga viungo wakabaji wawili, Kagoma na Ngoma, pamoja hata tukicheza na timu inayohangaika isishuke daraja, akipata goli moja anarudi nyuma, sabu zake za kulinda, hatuchezi tena pira biriani, ule mpira wa raha, aende zake aletwe kocha wa kushambulia. Juzi mzee mmoja kaapa kabisa kwamba Fadlu Davids akibaki yeye msimu ujao hakanyagi Lupaso, yaani pale kwa Mkapa, tukamwambia mzee msimu uliopita ulikanyaga mara ngapi, akabadilisha mada.

Mimi Simba damu, na yale maumivu ya Juni nayajua. Ila naona tunamshitaki mtu kwa kosa ambalo sio lake, na tukimfukuza kwa kosa hilo tutajikuta tumepata kocha ambaye kosa letu lenyewe atalizidisha mara mbili.

Twende kwenye hesabu, maana hesabu haina Simba wala Yanga. Ligi ya 2024/25 tumecheza mechi 30, tumeshinda 25, sare 3, tumefungwa 2. Pointi 78. Yanga wameshinda 27, sare 1, wamefungwa 2, pointi 82. Kwa hiyo vipigo tuko sawasawa, wao walifungwa na Azam na Tabora United, sisi tumefungwa na wao tu nje ndani. Pointi nne ndio zimetutenganisha. Sasa tukazitafute zilipodondokea.

Sare ya kwanza Oktoba na Coastal Union, 2-2. Tulikuwa tunaongoza 2-0 jamani. Mbili bila, tena nyumbani. Sare ya pili Februari kule Babati na Fountain Gate, 1-1, Ateba kafunga, tunaongoza, halafu ndio ile pasi ya Chasambi ambayo nadhani mpaka leo yeye mwenyewe akilala anaiota. Hakuna aliyembana vile, kageuka akampelekea kipa wetu Camara mpira wa nyuma, mpira ukapita ukaenda kulala nyavuni na winga wetu kashika kichwa. Sare ya tatu mwezi huohuo na Azam, 2-2. Azam walianza kufunga hata watu hawajakaa sawa, Mpanzu akarudisha, kipindi cha pili Hamza akapiga la pili. Nilikuwa banda umiza, dakika zimeenda themanini na kitu, jamaa wa mbele yangu keshasimama anadai chenji yake ya soda aondoke, anamwambia mwenye banda hii imeisha hii, na kabla chenji haijatoka Sereri wa Azam kasawazisha. Dakika ya 88. Jamaa akakaa tena chini na chenji hakuichukua.

Mechi tatu, zote tulikuwa mbele. Zote! Pointi sita zimeondoka hapo. Tungezilinda hizo tatu tu, tungeingia kwenye dabi ya tarehe 25 Juni tukiwa na 84 na Yanga wana 79, hata wakitufunga hizo mbili zao wanaishia 82, yaani ile dabi ingekuwa ya kupigia picha na kombe mkononi. Badala yake tuliingia na 78 tunalazimika kushinda, wao sare inawatosha, wakakaa wanatusubiri, Pacome akafunga penati, Mzize akamalizia, kwaheri.

Sasa niambieni, timu iliyopoteza ubingwa kwa kushindwa kulinda uongozi mara tatu, tatizo lake ni kulinda sana? Tumepika pilau vizuri tukaacha sufuria wazi na paka yumo jikoni, halafu asubuhi tunamlaumu mpishi kwamba hakuongeza nyama.

Najua jibu la kijiweni, nalisikia kila siku: ndio hivyohivyo, tunasawazishiwa kwa sababu kocha anarudisha timu nyuma, tungeendelea kushambulia wangetusawazishia saa ngapi. Hoja hii sio ya kupuuza, nakubali. Ila angalieni tunavyorudi nyuma. Timu kubwa ikiwa mbele inarudi nyuma na mpira, sisi tunarudi bila mpira. Tukishapata goli ule mpira unakuwa wa moto, kila mtu anautoa haraka, beki anapiga mbele, mbele haukai, unarudi. Zamani ilikuwa Mkude anaupokea pale namba sita anatazama kulia kushoto kama yuko nyumbani kwake, anampa Chama, Chama anatembea nao, anachezewa faulo, anafunga kamba za viatu, dakika nne zimekwisha na wapinzani hasira zimewapanda. Msimu uliopita wa kufanya kazi hiyo alikuwa nani? Ahoua ni mfungaji, kapiga magoli 16 kamaliza kinara wa ligi nzima, Mungu ampe nini tena, lakini Ahoua sio mtu wa kukaa na mpira dakika ya 85. Na mfungaji bora wa ligi kutoka kwenye timu ya kocha muoga, tena kiungo, hilo nalo mlitafakari.

Halafu kuna Afrika, huko ndio watu wanasahau haraka sana. Simba hii mara ya mwisho kufika fainali ya CAF kabla ya 2025 ilikuwa 1993, Kombe la CAF, tukalikosa mbele ya Stella Abidjan. Wengi wa wanaopiga kelele kijiweni walikuwa hawajazaliwa. Katikati hapo tulikuwa na timu nzuri kuliko hii ya sasa, semeni ukweli. Ya kocha Aussems 2019 ilipigwa 5-0 Kinshasa na AS Vita, ikaenda Misri ikapigwa tena 5-0 na Al Ahly, tukapona kwa sababu kwa Mkapa tulikuwa tunachinja kila anayekuja, ila tulipofika robo fainali, TP Mazembe kwao Lubumbashi wakatupa 4-1 safari ikaishia hapo. Ya Gomes 2021 kwangu mimi ndio Simba tamu kuliko zote nilizowahi kuona, Miquissone, Chama, Bocco, ilimfunga Vita kwao Kinshasa, ikamfunga Al Ahly hapa, ikaongoza kundi. Robo fainali ikaenda Johannesburg kwa Kaizer Chiefs kucheza mpira wake uleule wa raha. Nne bila. Tukarudi hapa tukawapiga 3-0, Bocco mbili na Chama moja, uwanja mzima tunatafuta goli la nne la kusawazisha hesabu halikuja. Usiku mmoja wa kutojilinda ugenini ukatunyima nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Na mwaka huohuo Oktoba ndio tumeshinda 2-0 Gaborone, Jwaneng Galaxy wakaja hapa wakatupiga 3-1, jumla 3-3, wakapita kwa kuwa na magoli mengi ya ugenini. Tena tulikuwa mbele!

Baada ya hapo tukawa watu wa kutolewa robo fainali kwa matuta, yaani zile penati za mwisho, Orlando Pirates 2022, Wydad 2023, zote tunashinda 1-0 hapa tunafungwa 1-0 kule.

Sasa huyu muoga kaja Julai 2024, kakuta kikosi karibu chote kipya, sura hazijuani. Akaongoza kundi la Kombe la Shirikisho Afrika kwa pointi 13. Robo fainali Al Masry wametufunga 2-0 kwao, tukazirudisha mbili kwa Mkapa tukawatoa kwa matuta, mkosi wa robo ukaisha. Nusu fainali Stellenbosch, moja bila pale Amaan kwa faulo ya Ahoua, halafu Durban. Ile mechi ya Durban ilikuwa mbaya kuangalia sikatai, hakuna raha hata chembe, sifuri sifuri, mke wangu aliniuliza hivi hii ndio mnayoilipia kingʼamuzi. Lakini dakika tisini zilipoisha Tandika nzima ilikuwa barabarani inaimba ubaya ubwela mpaka usiku wa manane, na sikumsikia hata mmoja anasema kocha muoga. Uoga uleule wa Durban Aprili ulikuwa akili, ulipofika Juni ukawa dhambi.

Hata fainali yenyewe na Berkane, tulifia wapi? Kule Morocco, ndani ya robo saa ya kwanza tumeshakula mbili. Ya marudiano Zanzibar Mutale kafunga mapema, Kagoma akala nyekundu, goli la Mukwala likakataliwa na VAR, ile video ya waamuzi, na wakatusawazishia dakika za nyongeza. Hapo pia mtasema tulilinda kupita kiasi? Tulianza mechi ya ugenini tumelala, hilo ndilo la kumuuliza kocha, na ningefurahi aulizwe.

Maana sisemi Fadlu hana makosa. Yanga wametupita mbali kwa magoli, na timu inayokaba dabi zote mbili za ligi na kutoka bila goli hata moja lazima ijieleze. Ukijumlisha Ngao ya Jamii na zile za msimu wa nyuma yake, Yanga wametufunga mara tano mfululizo, hii kitu inaumiza mpaka kwenye mifupa, watoto shuleni wanataniwa. Kule kwenye Kombe la FA napo Singida Black Stars walitupiga 3-1 nusu fainali. Na kweli kuna mechi za nyumbani dhidi ya timu iliyopaki basi, wote wamejazana golini kwao, unaona kabisa pale mmoja wa wale wakabaji wawili angetoka mapema aingie winga, kocha anangoja mpaka dakika ya 75. Hapo nipo na nyie, mzomeeni.

Ila kumzomea na kumfukuza ni vitu viwili. Kumbukeni kocha wetu Robertinho. 2023 tulikuwa tunashinda, hajapoteza mechi ya ligi msimu ule, sisi tunalalamika timu haichezi, anashinda kwa bahati, hana mbinu. Novemba 5 tukapigwa 5-1 na Yanga, siku mbili hazijaisha hayupo. Sitetei zile tano, hazitetewi zile. Lakini baada ya hapo tulipata nini? Akaja Benchikha mwenye jina kubwa, ametoka kubeba Kombe la Shirikisho na USM Alger mbele ya haohao Yanga, kufika Aprili keshaondoka, ligi ikamaliziwa na Mgunda aliyekaimu, tukamaliza nafasi ya tatu, pointi 69 sawasawa na Azam wakatupita kwa tofauti ya magoli na tiketi ya Ligi ya Mabingwa ikaenda kwao. Na ndio maana msimu uliopita tukawa Shirikisho. Kuanzia Aussems aliyekuja 2018 mpaka Fadlu ni makocha wanane, ukiacha waliokaimu. Yupo mmoja hapo katikati, Zoran, alikuja katikati ya 2022, Septemba hayupo, nadhani hata nguo hakuwahi kuzitoa zote kwenye begi. Kila anayekuja anataka viungo wake, mabeki wake, mfumo wake, wanasajiliwa, halafu anaondoka anawaacha, anayefuata hawataki. Wakati huohuo wale jirani wamebeba ligi nne.

Kwa hiyo wiki hizi za usajili badala ya kutafuta kocha wa kushambulia viongozi wamalize kazi ya kwenye kikosi. Beki wa kati mzoefu mmoja, na kiungo wa kushika mpira, mtu mzima, sio kijana wa kukimbia, wa kukimbia tunao wa kutosha. Straika naye sawa, akipatikana wa uhakika tusikatae, lakini sio kipaumbele changu najua hapo nitatukanwa. Fadlu apewe hao aanze msimu wa pili na watu anaowajua kwa mara ya kwanza. Ikifika Januari bado tunaongoza na kusawazishiwa, hapo mimi mwenyewe nitabeba bango.

Na nyie waandishi, Mhariri, mna nafasi ambayo sisi hatuna. Mkimpata kiongozi yeyote wa usajili msimuulize kama kocha anabaki, kila siku mnauliza hilo na kila siku jibu lilelile. Muulizeni tukiwa mbele kwa goli moja dakika ya 85, mpira anapewa nani. Akitaja jina la mtu bila kufikiria, mimi siandiki barua nyingine msimu mzima.

Wenu,
Mnyama wa Tandika,
Temeke, Dar es Salaam, 2025