Kulala kwenye gari lililopaki ni kosa gani?

Mhariri naomba nafasi. Juzi nimeendesha masaa tisa macho yanafumba yenyewe, nikapaki pembeni nikalaza siti, saa nane usiku nashtuliwa na tochi inagonga kioo kimejaa ukungu wa pumzi zangu, naambiwa ondoka hapa. Yaani niendeshe na usingizi niue watu? Los Angeles walikuwa na sheria ya kukataza kuishi ndani ya gari, mahakama ya rufaa ikaibatilisha 2014 kwa sababu haieleweki inakataza nini hasa. Uingereza ukiwa umelewa unaweza kushtakiwa hata kama umelala tu na funguo unayo, na hilo naliunga mkono kabisa. Ila aliyechoka tu jamani? Wekeni vibao, semeni wapi ruksa na masaa mangapi.