Bosi anataka kunipandisha cheo, na wasomaji wanadai kitabu cha tatu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mke na mama wa watoto wawili, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Mchana ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha. Naandaa kadhia, yaani hati za kutangaza kwa forodha mizigo inayoingia bandarini. Alfajiri ni mwandishi wa riwaya za fantasia, ninazozichapisha kwa pesa yangu mwenyewe. Ijumaa ijayo natakiwa nimpe bosi wangu jibu, na kila nikilifikiria jibu hilo naona kuna kitu nitakizika.

Nianze na riwaya, maana hapo ndipo wengi hawanielewi. Ni mfululizo wa vitabu vitatu. Mbegu yake niliipata kwa bibi yangu, Kilwa, ambaye alikuwa akizungumzia kusi na kaskazi kama mtu anayetaja majirani zake. Kwangu mimi pepo hizo mbili zimekuwa malkia, ndugu wa tumbo moja, wanaopokezana bahari. Anayesafiri katika zamu ya malkia asiye wake hulipa kumbukumbu moja. Anashuka chomboni salama, lakini jina la mwanawe limemtoka, au njia ya kwao. Sheria zote hizo nimeziandika kwenye kaunta buku: nani alivuka, mwezi gani, alilipa nini, akabaki na nini. Hadithi ya mapenzi ya mjini ukiiacha wiki mbili, ukirudi unaukuta mji pale pale. Dunia yangu mimi haipo popote ila kichwani, na nikiiacha wiki mbili naanza kuisoma kama barua ya mtu mwingine.

Kwa hiyo naamka saa kumi alfajiri, naandika mpaka saa kumi na moja na nusu. Baada ya hapo ni chai, sare za watoto, daladala. Jumatatu na Alhamisi natuma sura mpya kwenye kundi langu la WhatsApp. Humo wamo watu 112, ada ni shilingi 3,000 kwa mwezi, ila wanaolipa bila kukumbushwa hawafiki 80. Na kila sura nikishaituma, kabla ya adhuhuri imeshasambazwa kwenye makundi ya bure. Hilo linaniuma, lakini silo lililonifanya nikuandikie.

Kitabu cha kwanza nilichapa nakala 300 Kariakoo kwa shilingi 1,650,000. Mhariri nilimlipa 300,000, mchora jalada 150,000. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, niliifuata Maktaba Kuu. Nakala nikauza 12,000 kila moja, na mpaka leo zimetoka 208. Nyingine 40 zipo kwa muuza vitabu aliyezichukua kwa mali kauli na sasa hapokei simu yangu, 52 zipo chini ya kitanda. Ukipiga hesabu utaona nimebaki na 396,000, kwa kazi ya miezi kumi. Mshahara wangu wa mwezi mmoja ni 780,000. Naziweka hesabu hizi mezani usije ukanishauri niache kazi. Kazi ndiyo inayonunua karatasi.

Sasa Shangazi, sikiliza kilichotokea mwezi wa pili. Nilikuwa nakimbizana na mwisho wa sehemu ngumu, nikawa nalala saa sita usiku na kuamka saa tisa. Jumanne moja nikaandaa kadhia ya kontena la vipuri vya cherehani. Kila bidhaa ina namba yake ya ushuru ya tarakimu nane, na mbili za mwisho nikaziweka za mstari wa chini yake. Macho yaliteleza tu. Kadhia ikarudishwa, kukawa na marekebisho, barua, maelezo, na kontena likakaa bandarini siku sita zaidi ya zile za bure. Gharama ya kulihifadhi ilibebwa na kampuni. Siku ileile nilipogundua niliingia ofisini kwa bosi nikamwambia ni mkono wangu, hakuna mwingine.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo nikatuma sura ya 41. Haikupita nusu saa, msomaji mmoja mama wa makamo aliyeko Muscat, ambaye huwa anawasomea dada zake kwa sauti, akanitumia ujumbe. Nimeuhifadhi: "Mwandishi, huyu nahodha si alikatwa mkono wa kushoto sura ya tisa? Leo anapigaje kasia kwa mikono miwili?"

Nilikuwa nimesimama kwenye daladala pale Mtongani, nimeshika bomba kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine. Niliusoma mara tatu. Ule mkono ulikuwa na maana, Shangazi. Alikubali ukatwe ili asilipe kumbukumbu ya mkewe. Mimi niliyemkata, nikalia siku niliyouandika ukurasa ule, ndiye niliyesahau. Nikaona kwamba nimemwibia mwajiri wangu na nimewaibia wasomaji wangu ndani ya wiki moja, na nyumbani nako mwanangu mdogo alikuwa na homa siku mbili kabla sijatambua.

Nilidhani bosi ataniondoa. Badala yake, wiki iliyopita ameniita na kuniambia anataka niwe msimamizi wa kitengo chote cha hati. "Wewe ulikuja kusema mwenyewe," akasema. "Nataka mtu wa namna hiyo." Mshahara utakuwa 1,150,000. Lakini msimamizi hutoka saa mbili usiku, na Jumamosi ni siku ya kazi kamili. Kwa foleni ya barabara ya Kilwa nitafika nyumbani saa nne. Saa kumi alfajiri sitaamka, na nikiamka nitakuwa narudia yale ya mwezi wa pili.

Na kuna deni. Watu 63 wameshanilipa 10,000 kila mmoja kwa ajili ya kitabu cha tatu, nikawaahidi kitakuwa mkononi kabla ya Sabasaba. Pesa hiyo, 630,000, nimeshaitoa kwa mchapaji kama malipo ya awali. Zimebaki sura 14. Kwa saa moja na nusu ya kila alfajiri nitazimaliza kwa shida. Bila alfajiri hizo sizimalizi.

Mume wangu ni fundi umeme, kazi zake ni za leo ipo kesho haipo, na ongezeko la 370,000 kwetu ni ada ya shule na kodi ya nyumba. Hata hivyo hajanilazimisha. Baba Salma ndiye anayenichemshia maji alfajiri, na ndiye aliyeniambia nisimkumbushe kila siku kwamba Shaaban Robert naye alikuwa karani wa serikali, akaanzia forodhani Pangani mwaka 1926, na bado akatuandikia Kusadikika, nchi inayoelea angani. Kweli huwa narudia sana habari hiyo. Nikiwa mbele ya kadhia huwa inanipa moyo, ila saa za ziada hainipi.

Mama yangu anasema nichukue cheo, hadithi zitasubiri. Rafiki yangu mwandishi anasema nikatae, vyeo vipo vingi. Wote wawili wananipenda, na kila mmoja anazungumza kana kwamba lile jingine ni mchezo.

Naomba unisaidie haya. Je, ni haki kumwomba bosi nianze usimamizi baada ya Sabasaba, nikimweleza sababu yenyewe? Kazini hakuna ajuaye kwamba naandika, na naogopa akijua ataiunganisha na lile kosa la kontena, na hatakuwa amekosea. Au nichukue cheo sasa, niwaandikie wale 63 kwamba kitabu kitachelewa hadi mwakani, na anayetaka pesa yake nimrudishie kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara mpya? Na sura za kundi, je, nizipunguze ziwe moja kwa wiki, au nisimamishe kabisa mpaka nimalize mswada wote, kisha nianze kutuma nikiwa nimeshausoma na kaunta buku pembeni?

Yule mama wa Muscat nimemjibu kwamba amesema kweli, na sura nitaiandika upya. Akaniambia atasubiri, ila dada yake mkubwa anaumwa na angependa ausikie mwisho. Tangu siku hiyo sijaandika hata mstari.

Wako mtiifu,
Karani wa Mbagala