Mahindi mawili ya rangi mbili

Marahaba, mwanangu.

Uliniuliza kwenye simu: siasa inaingiaje kwenye mada ya mageuko ya viumbe unayowafundisha wanafunzi wako? Nikasema nitakuandikia, maana habari za Nikolai Vavilov si za kusimulia salio likikatika.

Vavilov alikuwa mtafiti wa mbegu wa Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1927 alifika hadi Ethiopia kukusanya ngano. Sisi mabwana shamba tunamhesabu kuwa mwenzetu. Alijua sifa za mmea hurithiwa kwa jeni. Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo wa huko huko, akaja na lake: ukiloweka ngano ukaiweka kwenye baridi, inabadilika, na vizazi vyake vinarithi mabadiliko hayo. Wakubwa wa chama tawala cha Kikomunisti wakalipenda, kwa sababu lilifanana na siasa yao: geuza mazingira, upate kiumbe kipya, tena upesi. Jeni zikaitwa sayansi ya mabepari. Vavilov akakamatwa mwaka 1940, akafia gerezani Saratov mwaka 1943, amedhoofika kwa njaa. Mtu wa mbegu, mwanangu!

Agosti 1948, kwenye kikao cha wanasayansi wa kilimo, Lysenko akatangaza kwamba ripoti yake imeidhinishwa na Kamati Kuu ya chama. Mjadala ukafungwa hapo. Walimu wa jeni wakafukuzwa, vitabu vikaondolewa, hata nzi wa matunda waliofugwa maabara kwa kuchunguza jeni wakateketezwa. Darwin, mwenye nadharia ya mageuko, hakuguswa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Waliendelea kumsifu darasani, huku wakimsemesha maneno ya chama. Hali hiyo ilidumu hadi miaka ya 1960.

Unakumbuka ulipokuwa darasa la nne, umekaa jikoni unamsaidia mama kupukuchua mahindi? Ukakuta hindi lina punje nyeupe, na za zambarau katikati yake. Ukaja mbio kuniuliza nani kazipaka rangi. Nikakuonyesha shamba la jirani ng'ambo ya mfereji, alikopanda mahindi ya zambarau, nikakueleza jinsi upepo unavyobeba chavua. Jibu dogo kama hilo, likifuatwa hadi kwenye jeni, lingeweza kumponza mwalimu wa Moscow mwaka 1949.

Msimu huu nimepata mawili ya namna ile. Yako darini, yanakauka. Nitayatuma kwa basi la Ijumaa, kayapokee stendi. Waache wanafunzi wahesabu punje wenyewe kabla hujawafungulia kitabu.

Baba yako